Fundi Nyamazeni na Diski Isiyokubali Kunakiliwa

Waombolezaji wenzetu, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, kamati ya mazishi imeniomba nisome kwa upole, nitajitahidi, ila siahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji, akasoma shule ya msingi jirani na kwetu, kisha chuo cha ufundi, akapata cheti cha umeme mwaka 1982, akaajiriwa studio ya kurekodi muziki hadi akawa fundi mkuu wa sauti, na kwa kuwa alimkemea kila aliyekohoa karibu na maikrofoni, wengi wenu mlimjua kama Fundi Nyamazeni.

Mwaka 1990 alimwoa mwimbaji wa studio hiyohiyo, wakajaliwa mtoto wa kiume, na mwaka 2001 binti. Mwaka huo studio ilileta mitambo ya diski mpya, zile zilizosifiwa kwamba unasikia hata mwimbaji akivuta pumzi, naye akamrekodi mkewe akimbembeleza huyo binti, kwenye diski moja tu, bila kuiwekea ile sehemu ya ziada ambayo mashine ya kawaida ya nyumbani ingeweza kuisoma, kwa sababu hakutaka sauti hiyo ichezwe ovyo. Mwaka uliofuata wifi yangu alifariki, studio ikafungwa, kanda zote alizoimba zikatupwa jalalani, na binti akabaki na diski hiyo tu kumjua mama yake.

Hapa kamati ilitaka niruke, siruki. Waliobuni diski hizo waliziwekea kufuli zisinakiliwe, kisha wakaacha kuunda mashine za kuzichezea, wakahamia biashara nyingine kana kwamba hatupo. Mdogo wangu alibaki na mashine moja iliyodeka kama kitindamimba, iliyotaka kuwashwa mapema ipate joto, ikataka nyaya sita pale wenzake hutosheka na mbili, ikagoma mpaka televisheni nayo iwashwe ndipo wimbo uchaguliwe, na kila mara ifunguliwe, jicho lake la kusomea diski lifutwe kwa pamba na spiriti. Mwanawe alimsihi aweke simu mbele ya spika arekodi, akakataa katakata, akasema hatamhifadhi mkewe kwa sauti ya debe. Huo ulikuwa ukaidi, mdogo wangu, na nimekukasirikia hata sasa umelala mbele yangu.

Februari mwaka huu figo zilimsumbua, akalazwa, na shemeji yetu, aliyekuja kupanga chumba ili kitanda cha mgonjwa kienee, akampa mashine ile mnunuzi wa vyuma chakavu bila kumuuliza mtu. Shemeji yupo, anajua nilichomwambia. Marehemu aliporudi akakuta meza tupu, aligeukia ukutani, na tarehe 14 Mei akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, na mafundi wenzake waliopekua kila karakana na yadi ya vyuma wakitafuta mashine kama ile, wakarudi mikono mitupu.

Wapo waliopendekeza diski iwekwe jenezani, wakidhani ni heshima. Binti ameipakata pale mbele, na hakuna atakayemnyang'anya. Pumzika kwa amani, mdogo wangu, lakini mkeo humchukui, bado tunamtafutia mashine.