Mkono wa Mtu wa Pili

"Wamemvua mwanangu ubingwa!" mama mmoja alimwambia mzee aliyeketi naye kwenye basi. Muuguzi mmoja aliyeketi nyuma yao akatega sikio. Kumbe huyo mwana ni bingwa wa michezo ya zamani ya video.

"Kacheza kutwa nzima mbele ya kamera, karibu avunje rekodi, jasho likamwingia machoni. Nikampangusa. Sasa waamuzi wanasema ushindi ni batili, eti kwenye picha umeonekana mkono wa mtu wa pili!"

Mzee akakohoa. Alikuwa amestaafu uamuzi wa mpira, lakini bado alisema kama mwenye filimbi mdomoni. "Sheria ni msumeno, dada. Hukata mbele na nyuma."

"Basi ukakate miti! Wewe ungemwacha wako apofuke?"

"Ningengoja amalize."

"Ungengoja!" mama akafoka. Muuguzi alitaka kucheka, akaona mishipa ya shingo ya mama imevimba, akaghairi.

Basi likasimama. Mama akashuka, akageuka na kuinua kiganja. "Mkono huu umemfuta kamasi tangu hajajua kusema. Leo ndio umekuwa wa mtu wa pili?"

Mlango ukafungwa.