Kilomita Sitini na Mbili

YAH: KUTOANDIKWA KWA SAFARI MOJA KATIKA DAFTARI LA GARI LA NYUMBANI

Andika hivyo hivyo, juu kabisa, binti yangu wa kwanza, na upige mstari chini yake, wala usinitazame kwa jicho hilo kana kwamba homa imenipanda kichwani. Miaka thelathini na moja nilikaa masjala nikifungua majalada, na jambo lisilo na kichwa cha habari halikupita mezani kwangu hata liwe zito namna gani. Niliwahi kumrudisha mtu aliyekuja kuripoti kwamba daraja limeanguka, kwa sababu barua yake haikuwa na namba ya kumbukumbu. Alikwenda, akairekebisha, akarudi. Daraja lilisubiri. Basi na mimi niacheni nife kwa utaratibu.

Sikilizeni wanangu. Hii ni mara ya kwanza mko watatu katika chumba kimoja tangu tumzike mama yenu, miaka minane sasa, na naona mlivyojipanga: mkubwa yuko kichwani kwangu na kalamu, kitinda mimba yuko miguuni, amekuja na sare yake ya uuguzi na ananishika mshipa wa mkono kila baada ya dakika tano, na wewe, mwanangu wa kati, umesimama mlangoni hujaingia wala hujatoka, kama mtu aliyeambiwa karani hajafika. Karani amefika. Ingia, baba, kaa hapa kitandani. Hamuulizani hali, watoto wenu hawajuani kwa sura, na yote hayo ni kwa sababu ya mstari mmoja wa daftari ambao mnaamini huyu hakuuandika, na kwamba kwa kutouandika alimwua mama yake. Nimewaita ili jalada hilo lifungwe nikiwa bado nina ulimi wa kusema.

Lakini nianze na gari lenyewe, maana bila gari hamtanielewa.

Nililinunua kwa kiinua mgongo changu, wiki ya pili baada ya kuagwa kazini kwa soda na hotuba. Mama yenu alitaka tuezeke vile vyumba viwili vya nyuma, ambavyo kuta zake zilikuwa zimesimama bila paa tangu kitinda mimba yuko darasa la tatu. Alisema, "Baba watoto, mvua inaingia mle ndani kama kwake." Nikamwambia mtu aliyeitumikia serikali miaka yote ile hawezi kuonekana amesimama kituo cha basi na mfuko wa vitunguu. Basi nikaleta gari kubwa la mtumba, refu kama kabati la nguo, lenye magurudumu ya kupandia milima ambayo hatukuwa nayo, na cheti kilichosema lilikuwa la mzee mmoja mwangalifu asiyependa safari. Vyeti vyake vilikuwa vinne, vyote vimegongwa mihuri, na mihuri yote ilikuwa halali. Ndiyo sehemu pekee ya gari lile ambayo haijapata kuharibika.

Mwezi wa kwanza ilikuwa rejeta. Mwezi wa tatu ilikuwa gia, na gia zikatuchukulia nusu mwaka. Ninyi ndio mlioliita Mheshimiwa, kwa sababu lilikula sana, lilichelewa kila mahali, na halikwenda popote bila kusukumwa na wananchi. Fundi wetu, yule tuliyemwita Profesa kwa miwani yake na kwa kuwa hakuwahi kutoa jibu fupi, alikuwa akifungua boneti, anavuta pumzi, anasema, "Mzee, hapa kuna jambo," nami moyo unanishuka hadi kwenye viatu. Alipotengeneza pampu, waya zikaungua. Alipobadilisha waya, pampu nayo ikakumbuka. Mwaka wa tatu mama yenu aliuza cherehani yake, akasema macho yamechoka kushona. Macho yake yalikuwa mazima. Alisoma maandishi ya chupa za dawa bila miwani hadi wiki aliyokufa. Pesa ya cherehani niliipokea mwenyewe, nikaipeleka gereji, na jioni nikamuuliza mbona nyumba imekuwa kimya.

Nipe maji. Kidogo tu. Inatosha.

Halafu geji ya mafuta ikafa, na ikafa ikionyesha tangi limejaa, kama ripoti ya mwisho wa mwaka. Profesa alitafuta kifaa chake kila mahali, hakukipata; akatia cha gari lingine, kikadanganya zaidi, akakitoa. Mtu mwingine angesikia uchungu. Mimi nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu hapo nilipata tena kazi ninayoiweza. Tukapima na Profesa: lita ishirini, kilomita mia moja na ishirini, baada ya hapo Mheshimiwa anazimika popote alipo. Nikafungua daftari gumu, nikalipigia mistari kwa rula: tarehe, dereva, kusudi la safari, kilomita, sahihi. Nikatangaza kwamba asiyeandika haendeshi, na kwamba daftari ndilo geji.

Wewe wa kati ndiye uliyenipa kazi. Siku moja uliandika chini ya kusudi la safari: Mkate. Nikakuita. Nikakuuliza, "Mkate ni nini?" Ukanijibu, "Baba, mkate ni mkate. Si umekula asubuhi?" Nikakuambia andika "manunuzi ya mahitaji ya nyumbani." Ukauliza, "Na nikitumwa kiberiti niandike vifaa vya nishati?" Mama yenu alicheka mpaka akashika ukuta. Naona bado unaweza kutabasamu. Vizuri. Na ni kweli ulisahau kuandika mara mbili, na mara zote mbili nilikufokea mbele ya majirani na kukunyang'anya funguo mwezi mzima. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililomponza: mtaa mzima ulijua ni nani katika nyumba yangu anayesahau.

Sasa Alhamisi ile. Saa nne asubuhi mama yenu alikuwa anachambua mchele, akasema kifua kinambana, akaweka ungo chini taratibu ili mchele usimwagike, halafu akaanguka. Ninyi wawili mlikuwa makazini. Huyu alikuwa nyumbani. Alimbeba mama yake peke yake hadi kwenye gari, nami nikaketi nyuma, kichwa chake mapajani pangu, na Mheshimiwa akawaka mara moja. Mara moja, wanangu! Siku ile halikuwa na kosa lolote gari lile: injini safi, gia laini, breki zinashika. Siku pekee katika miaka sita. Hospitali ni kilomita kumi na nne. Kilomita ya tisa, pale kwenye mwinuko karibu na ghala la saruji, likakohoa mara mbili, likazima.

Mama yenu akafumbua macho. Akaniuliza, "Limekufa tena?" Nikamwambia, "Linapumzika kidogo." Akasema, "Na wewe pumzika." Huyu alikimbia na dumu mkononi, na viatu vikamtoka njiani, na aliporudi anatoka damu miguuni alinikuta bado nimemshika mama yake, na akamimina mafuta yale yote kwenye tangi bila kumwaga tone, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia bado.

Yaliyofuata mnayajua, kwa kuwa mliyafanya ninyi. Wewe mkubwa, mwalimu mkuu, mtu wa kusahihisha, ulilifungua daftari kabla hata matanga hayajaisha. Ukaona mafuta yametiwa Jumapili, lita ishirini. Ukaona kilomita hamsini zimeandikwa Jumatatu. Ukajumlisha, ukatoa, ukasema zilibaki sabini, gari limezimika baada ya tisa, kuna mtu ameendesha hakuandika. Hesabu yako ilikuwa sahihi. Ukamgeukia ndugu yako mbele ya waombolezaji: "Ulikwenda wapi na gari?" Akasema, "Dada, sikwenda popote." Ukamwambia, "Mama amekufa kwa uvivu wako wa kuandika mstari mmoja." Akanitazama mimi. Hakutazama mtu mwingine. Nami nikainamisha kichwa, na mlidhani ni majonzi.

Kwa hiyo sasa nasema. Ni mimi. Ni mimi niliyeendesha.

Usiache kuandika, mama. Kalamu isiwekwe chini.

Jumanne mama yenu alikwenda kumtazama dada yake, na huyu alikuwa amelala. Nikalitoa gari polepole kama mwizi, nikaenda mji wa pili kulionyesha kwa mtu aliyetaka kununua, mwenye duka la magodoro. Miaka sita nilikuwa nimeapa siliuzi. Mama yenu aliponisihi niliondoka mezani. Lakini wiki ile mvua ilikuwa imeanza, nikamwona amesimama na ndoo katika chumba kile kisicho na paa, anateka maji ya mvua ukutani kwake mwenyewe, nikaona basi, nitauza, nitaleta mabati, nitamwambia yakishateremshwa. Mwenye magodoro aliliendesha huku na huku, akapanda nalo, akashuka nalo, akafungua boneti. Akasema, "Mzee, mimi nilidhani unauza gari." Watu wake wakacheka. Bei aliyotaja sitaitaja hata leo. Nikarudi. Kilomita sitini na mbili kwenda, kurudi, na kule kuchekwa. Nililifungua daftari, kalamu ikiwa mkononi, na pale kwenye kusudi la safari nikashindwa. Ningeandika nini? Nikalifunga. Nikajiambia Ijumaa nitatia mafuta kimyakimya na hesabu itajisawazisha.

Mtaniuliza kwa nini niliendelea kulitengeneza miaka minane ambayo hakuna aliyelipanda. Majirani walidhani ni mapenzi. Kila mwezi nilimwita Profesa, nikamwambia tafuta kosa. Na alipolipata nilipata usingizi. Nilihitaji gari lile liwe bovu. Yeye naye mlimfukuza matangani mkamwita muuaji wa pili, na kila mlipomtukana alikuja tena na spana zake, akaniambia, "Mzee, hapa kuna jambo," na sikujua kama anazungumzia injini.

Nishikeni mgongo. Hivyo.

Haya ndiyo maagizo. Nyumba ni yenu wote watatu, asiiuze mmoja bila wawili. Vyumba vya nyuma ni vya huyu wa kati, na viezekwe kabla ya mvua zijazo, na mabati yatoke kwenye pensheni yangu ya mwisho, ambayo wataiwekea fomu saba. Jazeni zote, msibishane nao, wanataka kupendwa kama watu wengine. Gari mpeni Profesa alikatekate, na mwendeni kwake wote watatu, kwa miguu, mkamwombe radhi. Wewe mkubwa, jambo lako na ndugu yako silipangii utaratibu. Ulikosea kwa hesabu sahihi, kwa sababu baba yako alikuficha tarakimu. Mshike mkono tu. Kitinda mimba, acha huo mshipa, mwanangu. Utasimama wenyewe na utajua.

Na wewe... sogea. Sikuombi unisamehe. Mtu anayekaribia kufa akiomba, mnakuwa hamna njia ya kukataa, na mimi nimekunyima njia nyingi tayari. Ukikataa, ni haki yako, na utakuwa mwanangu vilevile.

Mungu awape... awape nyumba isiyovuja. Awape watoto wanaowajibu. Awape siku za kawaida, nyingi, za mkate na kiberiti. Nawabariki, wote watatu, kwa mkono huu, ingawa hauinuki. Uinueni ninyi. Hapo.

Bado kidogo. Andika na hili, halafu... halafu basi. Hili hata mama yenu sikumwambia, na alikuwa mapajani pangu.

Alhamisi ile tulipotoka getini, kituo cha mafuta kilikuwa mita mia mbili, upande wa kushoto. Ndugu yenu alipunguza mwendo. Akaniuliza, "Baba, tutie mafuta kwanza, au daftari linasemaje?"

Daftari lilisema sabini. Nilijua zimebaki kilomita nane.

Nikamwambia yanatosha, twende.