Mzee Telesfori na Upondo Uliopinda

Tarehe 31 Desemba 1999, Mzee Telesfori Makarius, fundi seremala wa shule yetu ya wasichana hapa Nsemulwa, atarudisha funguo za karakana baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Katika muda huo ametengeneza madawati mia saba na ushee, milango yote ya mabweni, na jeneza la paka wa Sista Lucia. Ugomvi wake unaojulikana ni mmoja tu, siku alipomkuta mpishi anasonga ugali kwa mguu wa kiti ambacho hakijamalizika.

Lakini kitakachomweka midomoni mwetu ni jambo la mwaka jana. Mimi, mwalimu wa michezo, nilijaza fomu ya mashindano ya riadha ya wanafunzi wa nchi tisa, yaliyopangwa kufanyika Lusaka mwezi Agosti. Majibu yaliporudi, ikaonekana shule yetu itatoa msichana wa kuruka kwa upondo, yaani kujirusha kwa mti mrefu kuvuka ufito uliowekwa juu. Wasichana ndiyo kwanza walikuwa wameruhusiwa mchezo huo, nasi hatukuwa na upondo, wala godoro la kuangukia, wala mtu aliyewahi kuuona ukichezwa. Walimu wenzangu walinisifu kwa ujasiri. Nikawashukuru.

Mzee Telesfori, mzaliwa wa Karema, alisema yeye amesukuma mitumbwi kwa upondo tangu utoto, hivyo kazi iliyobaki ni ndogo. Tulicheka hadi machozi. Wiki iliyofuata alileta mianzi, akachimba kishimo cha kuchomekea ncha, akashona magunia na kuyajaza pumba za mpunga kutoka Mpimbwe. Matilda Luhende wa kidato cha tatu, binti wa wafugaji mwenye mbio za kukimbiza ndama, akajitolea kuruka. Siku ya nne mwanzi ulipinda, ukakatika naye akiwa juu, ukamchana paja. Tangu hapo Mzee akaweka sheria moja, ambayo Matilda alitakiwa kuitamka kila mara kabla ya kukimbia: "Ukipinda, achia."

Kwa sheria hiyo, na kwa mianzi minene isiyopinda ovyo, alifika mita mbili na nusu bila mkwaruzo mwingine.

Lusaka, waamuzi waliukataa mwanzi wetu, ingawa tulikuwa tumeusafirisha kutoka Mpanda ukiwa umefungwa kwenye madirisha ya treni. Wakatuazima upondo wa faibaglasi. Ufito uliwekwa mita mbili na arobaini. Matilda akakimbia, akachomeka, upondo ukapinda, akaachia. Akaangukia huku huku alikotoka. Mara ya pili, vilevile. Ilibaki nafasi moja, na akikosa angerudi nyumbani bila urefu wowote kuandikwa mbele ya jina lake. Alikuwa ameshaanza kufungua kamba za viatu.

Hapo Mzee, mwenye miaka hamsini na tisa, amevaa koti na viatu vya Jumapili, akaruka kamba ya uwanjani. Akachukua ule upondo, akauegemeza ukutani, akaulalia kwa kitambi chote. Ukapinda mpaka nikafumba macho. Haukukatika. Ulimrusha nyuma akakaa kitako, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Akainuka, akamwambia Matilda mbele ya waamuzi: "Umeona, mwanangu? Sheria yangu ilikuwa ya mwanzi. Hapa nimekufundisha vibaya, kosa ni langu. Huu ukipinda, wee ng'ang'ania tu." Askari wakamshika mkono, wakamtoa nje.

Matilda akafunga tena kamba zake. Alikimbia, akachomeka, upondo ukapinda, naye akang'ang'ania. Kisha ukanyooka ukambeba, na kwa kitambo kidogo nilimwona binti wa Luhende miguu iko angani, kichwa chini, ufito umetulia chini yake. Sijui niandike nini zaidi. Watu waliokuwa wanacheka wakaanza kupiga makofi. Mimi nililia mbele za watu na sikuona haya. Siku hiyo Matilda alifika mita mbili na sabini, akawa wa sita.

Tuliporudi, Mkuu wa Shule alimwita Mzee mbele ya wanafunzi mia nne apongezwe. Yeye akaanza kwa kusimulia kosa lake, tangu mwanzi hadi Lusaka, bila kuruka kitu. Nimefundisha miaka kumi na minane na sijawahi kumsikia mtu mzima akisema "nilikosea" mbele ya watoto. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti alichokitengeneza yeye, nikaona aibu.

Basi, Mzee, kabla hujapanda gari la Karema, pokea zawadi yangu. Ile fomu haikuwa ujasiri. Nilikusudia mchezo wa kuruka juu, nikatia alama kwenye mstari wa chini yake, wa upondo, kisha nikaacha nisifiwe. Kosa ni langu.

Tunakushukuru kwa yote. Magunia ya pumba tutayashona wenyewe. Nenda kapumzike vyema, na Mungu akupe afya na siku nyingi za amani.

Natalia Salvatori
Mwalimu wa Michezo