Odeta, Fundi wa Pasiansi Ambaye Miguu Yake Haikutulia

Nilimwona Odeta Nkwabi mara ya kwanza mwaka 1999, kigangoni Pasiansi, akiwapima wanakwaya sare. Aliwapima wenzangu huku akicheka nao, nami nikaumia kana kwamba tayari alikuwa wangu. Zamu yangu ilipofika nilibana pumzi.

"Kaka, pumua," alisema. "Napima mtu, sipimi mlingoti."

Maneno haya nimeyaandika mimi mume wake, Luhaga. Anayasoma mdogo wangu Alexander, kwa sababu mbele za watu sauti hunikauka.

Marehemu alizaliwa Nansio, Ukerewe, tarehe 14 Agosti 1978, mtoto wa tatu wa mzee Nkwabi na mama Selina. Alimaliza darasa la saba hukohuko mwaka 1993, akavuka kuja Mwanza kwa shangazi yake kujifunza ushonaji. Sare nyingi za watoto wa Pasiansi zimepita mikononi mwake. Tulifunga ndoa tarehe 6 Oktoba 2001. Gauni alijishonea mwenyewe, na kabla ya siku hiyo hakuniruhusu kuona hata uzi wake.

Kufikia mwaka 2022 presha ilikuwa imeziharibu figo zake, akaanza kusafishwa damu kwa mashine hospitalini mara tatu kwa wiki. Daktari alitueleza kwamba figo zikishindwa kazi, taka hubaki kwenye damu na kuumiza mishipa ya fahamu. Mashine husaidia, ila haiondoi taka zote. Nyayo zake zilianza kuwaka moto, kisha zikafa ganzi. Akiketi, miguu ilimcheza yenyewe, kama siafu wanatembea ndani ya mfupa. Aliacha cherehani, maana mguu haukujua tena kama umekanyaga pedeli.

Hayo yote hakuniambia mimi. Alimwambia mwalimu Nestory wa Butimba, mgonjwa mwenzake wa mashine ya jirani. Mimi niliketi kwenye benchi la nje, nikiwasikia kupitia dirisha.

"Fundi, leo unatuchezea wigashe?" mwalimu alimtania, kwa kuwa ngoma hiyo ya Kisukuma huchezwa watu wameketi.

"Angalau yangu inacheza, mwalimu. Ya kwako imelala kama gogo!"

Wakacheka. Nyumbani nilipomuuliza anajisikiaje, alijibu, "Salama tu, baba Modesta."

Siku moja nilimwona na kidonda unyayoni. Aliniambia kiatu kimembana. Nilikiosha na kukifunga kila asubuhi, mpaka mwalimu aliponivuta kando mlangoni.

"Bwana Luhaga, mkeo hasikii chini. Kile kidonda ni kaa la moto alilolikanyaga jikoni."

"Wewe umejuaje?"

"Ameniambia."

Mwalimu Nestory yupo nasi hapa leo. Namshukuru kwa kumchekesha mke wangu. Wivu wangu kwake haujaisha, na sitauficha mbele ya jeneza. Nilitaka niambiwe mimi.

Jumamosi tarehe 8 Februari 2025 presha ilishuka sana, mashine ikasimamishwa. Taka zilimfikia kwenye ubongo, mawazo yakachanganyika, hakuwatambua hata watoto. Alifariki dunia Jumapili tarehe 9, asubuhi. Ameacha mume, watoto wawili, Modesta na Mayala, mjukuu mmoja, Queen, pamoja na mama yake na ndugu zake wa Nansio. Mungu ampokee, na miguu yake itulie sasa.

Jumamosi ile mchana nilikuwa nimemshika mkono. Alinitazama kwa muda mrefu, akanidhani mimi ndiye Nestory.

"Mwalimu," aliniambia, "Luhaga usimwambie tena habari za miguu yangu. Ulipomwambia lile kaa hakugusa chakula, akawa anaamka kunishika nyayo akidhani nimelala. Yule akiumia hasemi. Hebu kamwangalie hapo nje, kama amekula."