Kikaratasi cha "Mbovu"

Sogeeni wanangu, na wewe Kifunguamimba acha kupekua kabati langu, siku ya tatu leo unafukua kanga zangu kama panya, huoni haya? Sikilizeni, pumzi niliyobaki nayo ni ya kuazima.

Nyumba ni yenu wote watatu. Mkigombana nitawacheka huko huko niliko. Linalonikaba ni jingine. Miaka kumi na minane nimepiga deki hospitali ya serikali, na kile kikaratasi cha "MBOVU" kwenye mashine ya eksirei, kilichowavusha watu barabara na mifupa yao iliyovunjika kwenda hospitali za kulipia, nilikibandika mimi, kila asubuhi, kwa mkono huu. Mashine nzima kama mimi siku ya harusi yangu! Kila siku kikaratasi kipya, Daktari Mkuu akiandika nyuma ya karatasi, "Mama, bandika," nami nabandika, jioni nabandua.

Na zile mbili za kulipia, mnadhani zinashindana? Thubutu! Wenye hospitali hizo niliwapelekea chai mimi, ofisini kwa Daktari Mkuu, nao wakaniona sawa na ndoo yangu.

"Wewe usishushe bei, na mimi sishushi," mmoja akamwambia mwenzake.

"Na ya serikali?"

"Hiyo itaugua tu," akajibu Daktari Mkuu.

Wakacheka mpaka chai ikamwagika, nikaifuta mimi. Yule binti wa Tume ya Ushindani aliyekuja kunihoji kanieleza kwamba sheria inakataza wauzaji kushikana mikono ili mnunuzi akamuliwe. Nikamwambia, mwanangu, hilo hata wauza nyanya wanalijua.

Lakini nilinyamaza, nilikuwa na matumbo matatu ya kulisha. Jirani yetu fundi cherehani alivunjika nyonga, akaletwa amebebwa, akasoma kikaratasi changu, akageuzwa. Hakuvuka barabara, hela hakuwa nayo, alirudi nyumbani kufa. Na akanishukuru kwa kumshikia mlango!

Kifunguamimba, unaendesha gari la wagonjwa la hao wenye hospitali, nao ndio waliokutuma kabatini. Uongo wako naujua tangu hujaota meno. Vikaratasi ninavyo vyote. Shauri la Tume dhidi yao linasikilizwa Jumatatu. Kitindamimba, utavipeleka, useme mama ndiye aliyebandika, usinipunguzie hata kosa moja.

Viko wapi? Nipeni maji kwanza... Nimevilalia. Hapa, chini ya mgongo. Wa kati, kaa kitandani, usibanduke. Mkiniinua kuniosha... vitoeni kwanza, ndipo mnioshe. Mungu awape afya, asiwavushe... barabara ile.

Nawe Kifunguamimba nimekubariki, mjinga we... Ila siku hiyo ya kuniosha, wewe shika miguu tu. Mgongoni... asikaribie.