Funguo ya Kibanda cha Buyenzi

Darius, zima hiyo redio, ukae. Danielle, sogea, weka mkono wako hapa kitandani ili nijue upo. Shemeji Aloys, chukua kile kiti chenye miguu minne mizima. Mzee Ilias, jirani yangu wa kibandani, nimemwita mimi, na ametembea kwa miguu kutoka Buyenzi hadi huku Kanyosha kwa kuwa mafuta ya magari hakuna, basi msimkatize wala msimchoshe, amekuja kuwa shahidi. Wanangu, nisikilizeni sasa, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia maneno.

Nyumba hii gawaneni vyumba viwili viwili, na choo ni cha wote, kila mtu akisafishe bila kuambiwa. Kile kipande cha mpunga cha Buterere, maji ya mafuriko yakikiacha, alime Darius. Hayo hayana ugomvi. Ugomvi ni kibanda.

Darius, najua umeshapata mnunuzi. Nilikusikia pale mlangoni na baba yako mdogo. Ulisema, "Mama amechoka, na haya matelefone ya zamani nani atayataka?" Na wewe Aloys ukajibu kwamba mali ni ya mtoto wa kiume, na msichana asiyeona atafanya nini kwenye kibanda cha fundi. Mimi sijafa, Aloys. Nilikuwa nimelala tu.

Nani atayataka? Miaka ishirini na miwili nimekaa pale kati ya magereji, na kila wiki anakuja mama mwenye vidole vilivyopasuka kwa jembe, anakisugua kile kioo cha simu mpya kama anayefuta sahani, na simu haimtambui. Anakuja baba asiyeona, anakuja bibi asiyejua kusoma. Nawapa simu ya vitufe iliyotupwa na wengine, nimeifungua, nimeisafisha, nimeiwekea spika nzima, na kwa kila jina narekodi sauti yangu iwe ndiyo mlio. Simu ikiita inasema, "Anapiga Nsimire, mwanao wa Uvira." Inasema kwa lugha ya nyumbani. Hiyo ndiyo kazi mnayotaka kuiuza.

Kuna wale waliokuja na gari zuri, wakawagawia vipofu wa Buterere simu zinazoongea. Zinaongea kweli, Kifaransa kitupu, na betri zimegandishwa ndani kwa gundi, huwezi kuzibadili mpaka uvunje simu yenyewe. Baada ya miezi mitatu zote zikaletwa kwangu kwenye gunia. Niliwaandikia barua tatu, maana Kifaransa changu cha sekondari kinatosha kulalamika. Walijibu mara moja tu, wakaomba picha yangu nikiwa natabasamu.

Na betri zilizokufa, zile zilizovimba, ziko kwenye pipa la chuma, zimefukiwa kwa mchanga mkavu. Nimezunguka ofisi nikiuliza nizipeleke wapi, kila moja ikanituma kwa nyingine. Mpaka apatikane wa kuzipokea, zikae pale pale. Mnunuzi wako, Darius, atazimwaga mtoni siku ya kwanza, na mvua ikija zitakwenda kulala kwenye mpunga utakaokula wewe. Hilo hukulifikiria.

Sasa kosa langu, nilitaje mwenyewe kabla hamjalitaja kwenye msiba. Danielle alipoacha shule nilimpeleka kibandani, nikanunua kalamu nzuri, nikaandika jina la kila kifaa kwenye kila droo. Droo sitini! Halafu nikamlaumu kwamba anakaa tu. Miaka miwili nilimlaumu. Darius akacheka, "Mama, atasoma na pua?" Nilikupiga kofi, mwanangu, na wewe ndiye uliyesema kweli. Ni Danielle aliyechukua waya, akafunga nje ya kila droo kifaa kimoja kibovu cha aina iliyomo, spika kwa spika, kitufe kwa kitufe. Tangu siku hiyo hata Mzee Ilias, ambaye herufi hazijui, anajichukulia anachotaka bila kuniita. Ni kweli au nasema uongo, Mzee?

"Ni kweli kabisa, Mama Darius. Mimi nilikuwa nakusumbua sana zamani."

Umesikia, Aloys. Kibanda tayari ni cha Danielle, ameshakipanga kwa mikono yake. Wewe Darius una macho, una miguu na una mdomo wa kuuza, utapata kazi popote. Yeye nje ya kile kibanda atakuwa mtu wa kupewa chakula na kuambiwa asogee. Sitaki. Ile paneli ya jua juu ya bati uifute vumbi wewe, kila Jumamosi, usingoje kuombwa.

Danielle... nipe maji. Asante. Danielle, sauti yangu iko kwenye simu za watu wengi. Uwaite mmoja mmoja, uifute, uweke yako. Usilie. Nani atataka kuitwa na marehemu akiwa sokoni? Watatupa simu. Urekodi polepole, utamke majina vizuri, na usikohoe kama mimi.

Darius, funguo iko mfukoni mwako, uliichukua juzi. Mpe dada yako mbele ya Mzee Ilias. Macho yangu yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo usimpe kimya kimya... itikise kwanza. Nataka kusikia.

Bado.

Darius, bado sijasikia.

Haya. Hiyo ndiyo. Imefika mkononi, Danielle? Ifunge shingoni. Mungu awape kazi isiyoisha, wanangu, na usingizi wa kutosha... mimi wa kwangu nimeukosa siku nyingi. Aloys, msindikize Mzee, ni mbali. Danielle... lile pipa... mchanga uwe mkavu...