Wembe Uliobadilishwa kwa Besheni

Kijiwe cha nyuma ya soko la Korogwe kilikuwa na benchi moja lenye mguu wa tofali, birika la kahawa la Athuman, na watu wawili wasiokubali kushindwa na jambo lolote chini ya jua. Wa kwanza ni Mbwana, jina lake la kijiweni Redio, maana hazimwi. Wa pili ni Mzee Simeo, wakimwita Mkonge, aliyekuwa boi wa meneja wa shamba la mkonge kabla mashamba hayajataifishwa, na hadi leo anaongea kama mtu ambaye funguo za stoo bado ziko kiunoni mwake. Basi alasiri moja, mwaka ule wa Operesheni ya kuhamia vijijini, Rehani akatokea pale vumbi hadi kwenye kope, akaketi bila salamu. Ukimwona Mzigua amekaa bila salamu, ujue maji yamemfika shingoni.

— Umeupata? akauliza Redio.

— Nimepata hiki.

Akatoa kwenye mfuko wa koti kikombe cha shaba cha kukorogea povu la kunyolea, akakibwaga benchini. Kikafuata kiburashi chenye manyoya machache kama ndevu za mbuzi mzee.

— Ulinituma Segera kwa yule mwenye duka la vikuukuu, nimekwenda. Nimemwambia nataka wembe wa kukunja, wa zamani. Kaniuzia kikombe. Kasema wembe bila kikombe ni ugali bila mwiko.

— Si haba. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sasa chombo cha kutilia maji unacho.

— Redio, wembe sina.

— Ndiyo maana nikasema tia maji kwanza.

Rehani akamtazama, akaona hata kugombana naye ni kazi. Alikuwa amechoka, jamani, amechoka mpaka kwenye mifupa. Baba yake alikuwa amezikwa Handeni, na kwa desturi ya ukoo wao matanga hayaanuliwi mpaka watoto wa kiume wanyolewe kwa wembe wa marehemu mwenyewe. Mjomba wa kunyoa alikuwa tayari anasubiri. Wembe ndio haukuwapo. Wakati lori la Operesheni linangoja na mzee yuko kitandani hoi, mama alilikuta sanduku dogo la bati, jekundu, limeota kutu, akampa mchuuzi aliyekuwa akipita, naye akapewa besheni mbili. Mzee alipokata roho ndipo watoto walipoulizana, sanduku la wembe liko wapi. Sasa mvua za kupandia zilikuwa zinanukia, nyumbani hakuna ruhusa ya kushika jembe, mwenyekiti wa kijiji keshakuja kuuliza mara mbili kwa nini shamba lao limelala, na mama bado yuko mkekani, kajifunika kaniki, kila Rehani akirudi anamuuliza kama ameupata, wala hainui uso.

— Na kule Chanika? akauliza Mzee Simeo.

— Chanika wamenionyesha mashine ya kunyolea isiyo na mpini. Pale Kwashemshi mtu mmoja kanitolea mkasi wa kukatia kondoo, ananiapia kwamba wazungu walikuwa wananyolea huo.

— Tatizo lako unauliza juu juu. Wembe wenyewe ukoje?

Rehani akafungua mdomo. Redio akamwahi.

— Mzee Simeo nawe, wembe wa mzee yule nani asiyeujua? Mpini wa pembe ya ndovu, una maandishi ya Kijerumani hapa ubavuni.

— Basi huo naujua, akasema Mzee Simeo, akivuta kikombe chake. Meneja wangu alikuwa na pacha wa wembe huo. Chuma chake kilikatwa kwenye reli. Wajerumani walipojenga reli ya kwenda Moshi, kipande kilichobaki wakafua nyembe. Wembe ule ulikuwa unalia mvua ikikaribia. Nausikia kabatini, nakwenda kuanua nguo.

— Mzee, unalia vipi wembe?

— Kama mbu. Mbu mwenye adabu.

— Ndiyo huo, Redio akadakia. Na mimi nitakwambia ulipo. Uko kwa serikali.

— Serikali inyoe nani? akauliza Athuman, akimimina kahawa.

— Ninyi hamsikilizi taarifa ya habari. Azimio limesema njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma. Wembe mmoja unanyoa ukoo mzima, babu, baba, wajukuu. Hiyo si njia kuu? Utakuwa umechukuliwa kimyakimya. Wahenga walisema, kinyozi hajinyoi. Maana yake wembe si mali ya mtu binafsi.

— Maana yake siyo hiyo, akasema Rehani.

— Yako ni ipi?

— Maana yake nina watoto nyumbani wanataka kula mwaka huu, nanyi mnanipigia hadithi. Toka juzi na jana mnanirusha kama mpira. Huyu Segera, huyu Kwashemshi. Mama yangu yuko mkekani. Hamna hata mmoja anayesema sijui.

Kusema sijui kijiweni ni aibu kubwa kuliko kukosa sukari nyumbani. Redio alikuwa anatafuta methali nyingine, unamwona midomo inacheza, ndipo akafika mgeni na gunia begani, akaomba kahawa.

— Habari za hapa, wazee.

— Njema. Karibu kiti. Watoka wapi?

— Handeni. Naitwa Dominiko. Nabadilisha vyombo vipya kwa vikuukuu.

Rehani akageuka taratibu.

— Ndugu yangu, umewahi kupewa sanduku la bati, jekundu, na mama mmoja aliyekuwa akihama?

— Nikampa besheni mbili. Nalikumbuka. Sanduku nimekwisha liuza. Vilivyokuwamo ninavyo.

Redio akasimama. Mzee Simeo akaweka kikombe chini. Dominiko akaingiza mkono guniani, akatoa kitambaa, akakikunjua benchini. Zilikuwamo nyembe tano za kukunja, zote zimechoka, zote na mipini myeusi.

— Hizi nimeokota huku na huku, nikazitia pamoja. Upi wa baba yako?

Mzee Simeo akashika mmoja, akaugeuza, akaurudisha. Redio akakohoa.

— Si ulisema pembe ya ndovu? akauliza Athuman.

— Nilisikia hivyo.

Wote wakamtazama Rehani. Rehani alizitazama zile nyembe mmoja baada ya mwingine, kisha akasema kwa sauti ndogo:

— Sijawahi kuuona.

— Si alikuwa anakunyoa?

— Toka nizaliwe mpaka naoa. Kwetu anayenyolewa hafumbui macho. Baba alisema ukiutazama wembe, nao unakutazama. Ukija kufumbua, umekwisha rudi sandukuni.

— Na wadogo zako?

— Vilevile.

— Mama je?

— Mama hakuruhusiwa hata kuligusa sanduku. Angejuaje kilichomo?

Athuman aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, yakatoka machicha. Akasema kahawa imekwisha. Hakuna aliyelalamika, na hakuna aliyeondoka.

Rehani akavua kofia. Akaketi chini, mbele ya benchi, miguu ameikunja, shingo ameiinamisha kama alivyokuwa akikaa mbele ya baba yake, akafumba macho.

— Mzee Simeo, nipitishie mmoja mmoja. Hapa nyuma ya sikio.

— Nikikukata?

— Baba naye alinikata. Hapo hapo.

Redio akakichukua kile kikombe cha shaba, akaenda kuchota maji, akamlowesha kichwa. Safari hii hakusema methali.

Mzee Simeo akafungua wembe wa kwanza, akaupitisha.

— Siyo huu.

Wa pili akaupitisha.

— Siyo.

Wa tatu akaupitisha. Mzee Simeo akangoja, mkono umesimama hewani. Akaona machozi yanadondoka vumbini kati ya magoti ya Rehani, na macho yake bado ameyafumba.

— Ni huu? akanong'ona Redio.

— Ufungeni kwanza, akasema Rehani. Ufungeni ndani ya kitambaa. Ndipo nifumbue.